Siku Niliyokataa Kuinama

Nilikuwa nimejiapiza kwamba nikimwona Naotaka Hatano barabarani nitavuka upande wa pili. Karuizawa ni mji mdogo, na kabla ya wageni wa kiangazi kuingia unakuwa mdogo zaidi, kwa hiyo kwa wiki kumi na moja nilivuka barabara mara nyingi kuliko maisha yangu yote. Nilivuka mbele ya duka la mikate. Nilivuka penye kituo cha treni. Siku moja nilivuka ndani ya ukungu mzito, nikaja kugundua kwamba mwanamume niliyemkimbia alikuwa mtu wa posta.

Lakini alasiri ile ya Juni hapakuwa na barabara ya kuvuka. Nilikuwa nimesimama kwenye baraza ya nyumba ya kale ya Mchungaji Whitcombe, nimevaa suruali yangu ya kazi, na yeye alikuwa anapanda ngazi za baraza kunijia. Mbele yake alikuwa mama yake. Kando yake alikuwa msichana mrembo, amevaa kimono ya hariri ya kijani, anatembea kwa hatua fupi fupi. Naotaka aliponiona alisimama na mguu mmoja juu ya ngazi, kama mtu aliyesahau kwamba mguu wa pili unatakiwa kufuata.

Sikupaswa kuwa pale. Mimi ni seremala. Miezi kumi na tisa mimi na baba yangu tuliibomoa nyumba ile ubao kwa ubao, tukaandika namba kila kipande, tukaondoa kilichooza na kuisimamisha upya. Wiki iliyotangulia ndiyo ilifunguliwa kwa watu kuitembelea. Kazi yangu ilikuwa imekwisha, nilibaki na mbao mbili tatu za madirisha tu. Lakini mchana ule Bwana Igarashi wa ofisi ya mji alinijia anahema.

"Fundi Chizuru, niokoe. Yule mama anayetembeza wageni amekamatwa na kiuno. Hawezi hata kuvaa soksi. Kuna wageni wanne saa tisa, wageni wa heshima."

"Mimi najua mbao, Bwana Igarashi. Wachungaji siwajui."

"Basi waeleze mbao! Nani anaijua nyumba hii kuliko wewe?"

Hakunitajia wageni hao ni akina nani. Nadhani alijua, akaogopa.

Mgeni wa nne alikuwa mama wa yule msichana, ameshika pochi kwa mikono miwili. Sikuhitaji kuelezwa. Mama wawili, kijana mmoja, msichana mmoja ndani ya hariri, chai imeagizwa saa kumi. Hiyo haikuwa safari ya kutazama nyumba. Hiyo ilikuwa posa.

"Ah," alisema Mama Hatano, bila kunitazama machoni. "Kumbe ni wewe."

"Karibuni," nikasema. "Vueni viatu hapa. Ndara ziko kulia."

Nimwelezeje Naotaka kwa mtu asiyemjua? Ni mpishi. Anapika katika nyumba ya wageni ya mama yake, ile yenye lango la mbao nyeusi karibu na kanisa, ambayo ukoo wa Hatano umeishikilia tangu enzi za babu wa babu yake. Mikono yake ina makovu madogo ya mafuta ya moto. Akicheka hufunika macho, wala si mdomo. Nilimpenda miaka mitatu, naye alinipenda, mpaka mwisho wa Machi, theluji ikiwa bado imelala chini ya miti, mama yake aliponiita nyumbani kwao.

Alinimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaniambia kwa sauti ya upole kabisa: "Chizuru, mke wa nyumba hii hupokea wageni mlangoni. Wageni wangu hawawezi kupokewa na mwanamke mwenye vumbi la mbao kwenye nywele. Isitoshe wewe ni mtoto pekee wa fundi Genzo, na baba yako hataki jina la Kanamori lizimike. Mwanangu naye ndiye jina la Hatano. Sheria inataka mume na mke wabaki na jina moja la ukoo. Jina moja lazima life, na halitakuwa letu."

Naotaka alikuwa ameketi kando yake, mikono juu ya magoti. Nilimtazama. Nilisubiri. Alitazama kikombe chake cha chai mpaka nikainuka.

Kwa hiyo watu wakisema mama yake ndiye aliyetutenganisha, si kweli. Maneno ya yule mama ningeyabeba. Kilichonishinda ni kimya cha mwanawe.

Na nyumbani kwetu sikupata wa kunipangusa machozi. Baba aliendelea kunoa patasi, akasema, "Bora imekwisha. Wale wametulisha miaka thelathini. Usiniharibie."

Basi nikawatembeza. Niliwaonyesha sebule, na dohani ya mawe meusi yaliyoteremshwa kutoka mlima Asama. Niliwaonyesha nguzo ya pembeni, ambayo juu ni ya kahawia ya zamani na chini, kuanzia magotini, ni nyeupe mpya.

"Chini palikuwa pameoza," nikasema. "Tulikata, tukaunganisha mti mpya."

"Panaonekana sana," alisema Mama Hatano.

"Tumeacha paonekane makusudi, ili mtu asidanganywe."

Yule msichana, Mikage Kuwabara, alichuchumaa kwa shida ndani ya kimono yake, akapitisha kidole kwenye kiungo. "Dada fundi, misumari iko wapi?"

"Hakuna. Mchungaji Whitcombe aliwachorea mafundi nyumba ya kwao Kanada kwenye karatasi. Kwa nje walimfuata mstari kwa mstari. Ndani ya kuta, mahali asipoona, waliunganisha mbao kwa namna yao wenyewe."

"Naye hakujua?"

"Nadhani alikufa bila kujua."

Mikage akacheka kwa sauti. "Mafundi hao nimewapenda!"

"Mikage," mama yake alimkanya, "cheka taratibu."

"Baba wa huyu," Mama Hatano alimwambia mgeni wake, akinionyesha kwa kidevu kama mtu anayeonyesha kabati, "ametutengenezea vyoo na mabafu kwa miaka thelathini. Watu waaminifu sana. Wanajua mahali pao."

Nje, baraza ya nyuma, sauti ya randa ya baba ilikatika ghafla. Nilijua amesikia. Kisha ikaendelea, taratibu zaidi.

Nikawaambia, "Juu kuna vyumba vya kulala. Ngazi ni nyembamba, pandeni mmoja mmoja."

Walitangulia wanawake watatu. Nilifuata, na nyuma yangu, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, Naotaka. Mama wawili waliingia chumba cha upande wa kulia kutazama kitanda cha chuma cha mke wa mchungaji, wakamvuta Mikage ndani. Tukabaki sisi wawili kwenye kibaraza cha juu ya ngazi, mbele ya dirisha.

"Chizu."

"Vioo hivi ni vya zamani," nikasema nikitazama nje. "Ndiyo maana miti inaonekana imepinda. Vilikuwa ishirini, tumeokoa kumi na vinne."

"Sikujua. Nakuapia sikujua. Mama aliniambia wageni wetu wanataka kuiona nyumba, niwasindikize."

"Na hariri yote ile hukuiona?"

"Nimeiona tukiwa tayari kwenye gari." Alisogea. Alikuwa na harufu yake ile ile, ya mchuzi wa samaki mkavu na mwani, harufu ambayo kwa wiki kumi na moja nilikuwa nikiamka nikiitafuta kwenye mto. "Umekonda."

"Nimefanya kazi."

"Nilikuandikia."

"Barua nne. Sikuzifungua."

"Hata moja?"

Hapo nikamgeukia. Nilikuwa nimeapa nisimtazame usoni, lakini nikamtazama, na hilo likawa kosa. Macho yake yalikuwa mekundu pembeni. Kwenye kifundo cha mkono alikuwa na kovu jipya la moto nisilolijua, na kidole changu kilitaka kuliuliza lilitoka wapi. Nilikifunga kidole ndani ya ngumi.

"Nao, mdomo wako siku ile ulikuwepo. Ulikuwa pale pale, mkono mmoja tu kutoka kwenye sikio la mama yako, na haukufunguka. Leo uniletee karatasi?"

"Nilitishika."

"Mimi je? Mimi sikutishika? Nilikuwa peke yangu upande wangu wa meza!"

"Najua. Kila siku najua. Niambie nifanye nini, Chizu. Niambie sasa hivi."

"Sikuambii. Nimechoka kukufundisha kuwa na ulimi."

Alifumbua mdomo kujibu, akanishika kiganja, na kiganja changu, msaliti yule, hakikujitoa.

"Nilitegemea hivyo," alisema Mama Hatano mlangoni.

Hakupandisha sauti. Mwanamke yule hapandishi sauti hata nyumba ikishika moto. "Wewe binti, huna haya? Mchumba wa mtu yuko chumba cha pili, wewe unamshika mkono mwanamume gizani kwenye ngazi."

"Hapa si gizani, mama, hapa ni dirishani," nikasema.

"Mchumba wa nani?" Mikage alichomoza kichwa nyuma yake. "Mimi?"

"Mikage, nyamaza," mama yake alinong'ona.

"Mama, uliniambia tunakuja kutazama nyumba ya kale! Ndiyo maana nilikuuliza asubuhi, nani anavaa hariri kutazama nyumba ya kale?"

"Tushuke chini," alisema Mama Hatano. "Tutaongea kama watu wenye adabu."

Tukashuka. Pale sebuleni Bwana Igarashi alikuwa anaingia na sinia ya chai na mkate wa jamu ya bluberi. Alituangalia nyuso zetu akasimama na sinia yake, hajui aiweke au arudi nayo. Na mlango wa nyuma ukafunguka. Baba yangu aliingia, kilemba cha taulo kichwani, vumbi la mbao kwenye nyusi. Alikuwa amesikia. Nyumba ile ina kuta nyembamba, nazijua, nilizisimamisha mimi.

"Fundi Genzo," Mama Hatano akamwambia, "mwambie binti yako. Nilikwisha ongea naye Machi, kwa upole. Leo ameniaibisha mbele ya familia ya watu."

Baba hakumwangalia yeye. Aliniangalia mimi. "Chizuru. Inama. Muombe radhi Mama Hatano, twende zetu."

Ni jambo dogo kwetu, kuinama. Tunainama kwa jirani, tunainama kwa muuza samaki, tunainama hata tukiongea kwenye simu na mtu asiyetuona. Shingo yangu ilianza yenyewe kwa mazoea. Nikaikamata.

"Sitainama, baba."

"Chizuru!"

"Nikikosea kipimo nitainama. Nikimwaga chai nitainama. Lakini humu ndani, leo, sitainama. Kila boriti unayoiona hapa nimeibeba kwa bega langu. Miezi kumi na tisa. Nimelala nikiota namba za mbao. Siwezi kusimama katikati ya kazi yangu mwenyewe nikaomba radhi kwa sababu nilimpenda mtu."

"Wametulisha miaka thelathini," alisema baba kwa sauti ndogo.

"Hawakutulisha! Ulifanya kazi, baba. Wao walilala chini ya paa lisilovuja kwa sababu yako. Nani alimlisha nani?"

Bwana Igarashi akaiweka sinia chini ya meza badala ya juu yake.

Mama Hatano alinisogelea. Kwa mara ya kwanza siku ile alinitazama usoni, na niliona kitu ambacho sikukitarajia. Alikuwa amechoka.

"Unadhani wewe ndiye wa kwanza duniani kupenda?" alisema. "Niliingia nyumba ya Hatano nina miaka ishirini na miwili. Nilikuwa na mtu wangu, alikuwa anauza vitabu huko Komoro. Hakuna aliyeniuliza. Nililia jikoni miaka miwili, kisha nikanyamaza. Na nimekuwa mtu."

"Pole, mama," nikasema, na nilisema kwa moyo. "Hukustahili. Lakini mbona unataka lile jiko lipate mtu mwingine wa kulia ndani yake?"

Nadhani angenipiga kofi, au angekaa chini. Sitajua, kwa sababu hapo ndipo Naotaka alipoongea.

"Mama. Inatosha."

Sauti yake ilikuwa inatetemeka kama ya mtu aliyetoka kwenye maji baridi. Lakini hakutazama sakafu. "Machi ulimwambia Chizuru ana vumbi la mbao kwenye nywele, mimi nikatazama kikombe. Nimekuwa nikiona aibu kila asubuhi nikishika kisu. Sasa nasema mbele ya watu wote. Nampenda Chizuru Kanamori. Simuoi mwingine. Bi Mikage, nisamehe."

"Usijali hata kidogo," alisema Mikage. Alikuwa amejichukulia mkate wenye jamu.

"Na jina la Hatano atalibeba nani?" aliuliza mama yake.

"Sayoko." Huyo ni dada yake mdogo. "Miaka sita Sayoko ndiye anayepanga vyumba, ndiye anayejua mgeni gani hali kaa na mgeni gani anaogopa radi. Mimi napika tu. Unajua, mama."

"Sayoko ni mwanamke."

"Na wewe je? Miaka arobaini nyumba ile imebebwa na nani? Na baba? Baba alikuwa anavua samaki mtoni."

Naotaka akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaifungua juu ya meza ya mchungaji, akailaza kwa viganja. Nikaijua mara moja kwa mistari yake ya kahawia. Fomu ya ndoa, ile ambayo ukiifikisha ofisi ya mji imejazwa, mmekwisha kuoana.

"Niliichukua Aprili," aliniambia mimi, si wao. "Upande wangu nimejaza. Upande wako ni mtupu. Ukitaka, ichane. Na kuanzia mwezi ujao napika tambi za soba dukani kwa mzee Yoda pale kituoni, ameshanikubali. Nimepanga chumba juu ya duka lake. Hayo ndiyo yalikuwa kwenye barua."

Niliinama juu ya meza, kusoma, si kwa ajili ya mtu. Jina lake, mwandiko wake wa kulalia kushoto. Na pale kati, penye vijisanduku viwili vya kuchagua jina la ukoo, la mume au la mke, alama ilikuwa kwenye la mke.

Kanamori.

Macho yangu yakajaa nisione herufi.

"Sitaki," alisema baba ghafla. Wote tukageuka. "Sitaki jina langu liwe maficho ya kijana aliyegombana na mama yake."

Naotaka akapiga magoti kwenye sakafu ya mbao, mbele ya soksi za baba zilizotoboka, akaweka viganja chini, na paji la uso likafuata. "Baba Genzo, sijifichi. Sikugombana. Nimechelewa tu."

"Unajua kunoa patasi?"

"Najua kunoa visu."

"Kisu si patasi."

"Nitajifunza."

"Simama!" nikasema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Nao, simama. Leo hakuna mtu wa kuinama ndani ya nyumba hii, hata wewe. Na baba, na mama, na wewe pia: mmekaa mnanijadili kama mbao ya mnadani. Nani kati yenu ameniuliza mimi?"

Naotaka akainuka. Alama ya ubao ilikuwa imebaki kwenye paji lake.

"Basi nauliza mimi," nikaendelea. "Naotaka Hatano. Siku nyingine mtu akinidharau mbele yako, utanyamaza?"

"Nitanyamaza nikiwa nimelala usingizi."

"Hata hapo hunyamazi. Unakoroma."

Mikage alipaliwa na mkate. Hata baba aligeuza uso kuelekea dirishani, mabega yakamcheza. Naye Naotaka alifunika macho kwa mkono, akacheka na kulia kwa pamoja, na mimi nikajua kwamba nimekwisha, kwamba nilikuwa nimekwisha tangu pale kwenye ngazi za baraza.

"Ukijuta?" nikauliza kwa sauti ya chini.

"Nitajuta nikiwa Kanamori. Lakini sitajuta."

"Nani ana kalamu?"

Bwana Igarashi alikuwa nazo tatu mfukoni. Niliandika jina langu, tarehe yangu ya kuzaliwa, jina la baba na la marehemu mama yangu. Mistari ilinyooka. Nimezoea kuandika kwenye mbao wima.

"Na hapa chini?" Mikage alikuwa ameinama begani kwangu. "Mashahidi?"

"Wawili," alijibu Bwana Igarashi kiofisi, kama yuko dirishani pake. "Waliotimiza miaka kumi na minane."

"Mimi nina ishirini na saba." Akapangusa jamu vidoleni, akaomba kalamu.

"Mikage, usithubutu!" Mama Kuwabara aliita. "Watu watasema nini? Ulikuja kuchumbiwa!"

"Mama, nimefungwa hariri hii tangu asubuhi, kupumua kwenyewe taabu. Niache nifanye nayo kitu cha maana." Akaandika jina lake kwa herufi kubwa nzuri. Kisha akaninong'oneza, "Dada fundi, nikijenga nyumba yangu nitakuita."

Nafasi ya shahidi wa pili ikabaki wazi. Bwana Igarashi alikohoa, akasema kwamba yeye, akiwa mtumishi wa ofisi, kwa kweli, pengine isingefaa sana. Nilimtazama baba. Sikumwomba. Nilikuwa nimeomba vya kutosha maishani.

Baba alivua kile kilemba cha taulo. Akafuta mikono, upande huu na upande ule. Akamwendea Mama Hatano, akasimama mbele yake, mtu ambaye kwa miaka thelathini sikuwahi kumwona amesimama wima mbele ya mwanamke yule.

"Mama Hatano," alisema, "Jumatatu nitakuja kukaza mlango wa bafu, kama nilivyoahidi. Ukinifukuza, nitarudi zangu. Lakini ulimwambia mgeni wako tunajua mahali petu." Akanyoosha kidole kwenye sakafu, pale nilipokuwa nimesimama. "Mahali pa binti yangu ni pale."

Akaja mezani, akavaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akaandika. Anaandika polepole, baba, kama anayechonga. Saa ya ukutani ilisonga tukimsubiri.

"Ni saa kumi na dakika hamsini," alisema Bwana Igarashi, na sasa alionekana amefurahi kama bwana harusi. "Ofisi inafungwa kumi na moja na robo. Gari langu liko nje."

Tukatoka mbio, Naotaka amenishika mkono, baba nyuma yetu. Tulikuwa tumeshafika kwenye changarawe sauti ilipotuita kutoka barazani.

"Naotaka."

Alisimama. Nilihisi vidole vyake vikikaza juu ya vyangu.

"Umetoka na ndara za wageni," alisema mama yake.

Alikuwa amechuchumaa kwenye ngazi, peke yake. Alikuwa amevichukua viatu vya mwanawe pale mlangoni, akavigeuza, ncha zikatazama nje, vimepangwa sawasawa, jinsi anavyowapangia wageni wanaoondoka kwa heshima. Naotaka alirudi, akavivaa.

"Usifikiri nimekubali," alisema Mama Hatano akitazama mbali, kwenye miti.

"Sifikiri hivyo, mama."

"Huyo Sayoko chumvi hajui kupima jikoni. Mwelekeze kabla hujaondoka."

Akaingia ndani. Nikasikia Mikage akimwambia mama yake aketi, chai inapoa, naye atawasomea maelezo ya nyumba kutoka kwenye kijitabu cha wageni.

Ofisini tulifika zikiwa zimebaki dakika saba. Karani alikuwa kijana mwenye tai fupi, ameshaanza kupanga vitu vyake kwenye mkoba. Aliipokea fomu, akaisoma kwa kidole, akaisoma tena. Kwenye vile vijisanduku viwili aliinua macho.

"Jina la mke. Hamjakosea?"

"Hatujakosea," tukajibu.

Akaingia nayo ndani. Tukaketi kwenye viti vya plastiki, mimi katikati, baba kulia, Naotaka kushoto. Baba alikuwa ametazama viganja vyake. Naotaka alikuwa amenishika mkono waziwazi, mbele ya watu wa kodi na watu wa bima, na bega lake lilikuwa linapata moto dhidi ya bega langu. Nilikuwa na vumbi la mbao kwenye nywele. Sikulipangusa.

Mlango ukafunguka. Karani akachungulia karatasi, akaita kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda nyumbani:

"Bwana Kanamori!"

Baba yangu na mume wangu wakasimama kwa pamoja.

"Naam," wakaitika.